Mtu Mzito Kwenye Kiti cha Breki

Siku Breki alipokutana na Fundi, duka la vipuri lilikuwa limefurika hadi barazani. Watu walipunga vyuma vibovu hewani kama wapo mnadani, na muuzaji akiwajibu watatu kwa mdomo mmoja. Breki alikuwa dereva wa magari ya mashindano, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe. Mkono wake ulikuwa tayari umetua juu ya springi nne za mwisho pale kaunta, mkono wa mtu mwingine, uliojaa grisi hadi kiwikoni, ulipozishika kwa upande wa pili.

"Dada, hizi zangu," alisema Breki.

"Kaka, una gari gani?"

Akamweleza. Msichana wa ovaroli ya kijani na kilemba cha manjano alimtazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta maneno.

"Ukizifunga kwenye gari hilo, litaruka kama mbuzi. Ni ngumu mno. Tairi hazitashika lami. Utafika kwenye kona ukiwa abiria."

"Na wewe ni nani wa kunitabiria?"

"Fundi. Kazi yangu ni mkao wa magari ya mashindano. Springi, shokabu, jinsi tairi zinavyosimama. Achia."

Breki hakuwahi kumwachia mtu nafasi, hata kwenye foleni ya msalani. Aliachia.

Haukupita muda mrefu, gari likahamia kwenye gereji ya Fundi, na moyo wa mwenye gari ukafuata bila kukokotwa. Alijifunza kwamba gari halishindi kwa nguvu tu, linashinda kwa namna linavyosimama. Fundi aliweka mizani minne sakafuni, kila tairi juu ya mzani wake, na dereva akapanda na viatu na helmeti yake, kwa sababu dereva naye ni mzigo. Kisha akawa anakaza springi hii na kulegeza ile mpaka uzito ugawanyike kwa haki.

"Vua saa," alimwambia siku hiyo ya kwanza.

"Saa nayo ina uzito gani, mpenzi?"

"Kama maringo yako. Si mengi, ila yote yamelalia upande mmoja."

Mapenzi yao yalikwenda hivyo, kwa utani na grisi, mpaka alipotokea Kabati.

Kabati ndiye aliyekuwa anaongoza msimu. Mabega yake yalitaka mlango ufunguliwe pande zote mbili, viatu vyake vilikuwa vya ngozi nyeupe, na manukato yake yalifika dakika kadhaa kabla yake. Alimletea Fundi gari lake, kama mteja yeyote. Breki alipopata habari, alipiga simu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi wowote duniani.

"Uko wapi, laazizi?"

"Chini ya gari."

"La nani?"

"La mteja."

"Mteja hana jina?"

"Ana shokabu mbili zinazovuja. Hayo ndiyo yanayonihusu."

"Mbona nasikia mtu anacheka?"

"Ni yeye. Amejigonga kichwa."

"Mtu anajigonga kichwa, anacheka?"

"Wengine ni wavumilivu. Wewe ungelia."

Breki hakucheka. Kuanzia hapo wivu ulimwingia kama mgeni asiyeaga. Alipita mbele ya gereji bila safari. Alihesabu vicheko vya watu. Chakula kilimshinda, na dada yake, aliyekuwa akiishi naye, akawa anarudisha sahani jikoni jinsi zilivyokuja.

"Umeshiba nini wewe, hewa?"

"Sina njaa, dada."

"Mkanda umefika kwenye tundu ulilotoboa kwa msumari. Huyo binti akikukubali, ataolewa na nani? Na mkanda?"

Wiki ya mashindano, Breki alirudi kupimiwa gari. Ovaroli yake nyekundu ya mbio, iliyokuwa ikimkaa kama ngozi, sasa ilimning'inia kama nguo kwenye kamba. Akapanda, akatulia. Fundi alitazama namba za mizani, akakunja uso.

"Ajabu. Upande wa dereva umepungua. Na sijagusa springi tangu ulipokaa mara ya mwisho."

"Maana yake gari limewekwa kwa mtu mzito kuliko mimi."

"Ndivyo linavyoonekana."

"Namjua mtu mzito."

Fundi aliinua kichwa polepole. "Sema vizuri, nikusikie."

"Kabati amekaa kwenye kiti changu. Umempimia gari langu. Na kama ameshakaa hapa, sijui kwako amekaa wapi pengine."

Fundi hakutupa spana. Aliilaza juu ya meza taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Shuka," alisema. "Ondoa gari lako. Katafute fundi mwenye mizani inayojua kubembeleza."

Breki aliondoka na gari, lakini moyo ulibaki mlangoni mwa gereji, umefungiwa nje.

Siku ya mazoezi alimwona Fundi kando ya uwanja, amepiga magoti kwenye tairi ya gari la Kabati. Alimtazama kwa umakini wote ambao kona ilistahili kupewa. Kona haikusubiri. Gari lilizunguka, likaingia kwenye mchanga hadi tumboni, na Breki akatoka bila jeraha isipokuwa la heshima. Wa kwanza kufika na kamba ya kuvutia alikuwa Kabati.

"Pole, ndugu yangu. Na umwambie yule mchumba wako anihurumie. Nikifika pale napewa habari zako tu. Breki anaikata kona ya tatu hivi, Breki anasikia tairi kabla ya mizani. Mimi nimeleta gari, nimegeuka msikilizaji." Kisha akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Lakini mbona umekwisha hivi? Unaumwa?"

Breki alijitazama. Mikono ya ovaroli ilikuwa imemfunika hadi kwenye vidole. Akakumbuka sahani zote zilizorudi jikoni, na aibu ikampanda kuanzia viatuni.

Asubuhi iliyofuata alisimama kwenye mlango wa gereji.

"Gari liko wapi?" aliuliza Fundi bila salamu.

"Nimekuja mwenyewe. Naomba unipime."

Akavua viatu, akapanda juu ya mzani mmoja. Fundi alisoma namba, akaisoma tena, na uso wake wa hakimu ukaanza kumponyoka.

"Umepungua kilo tisa."

"Yule mtu mzito nimeshamjua. Ni mimi wa mwanzo wa msimu."

"Yaani umejionea wivu mwenyewe."

"Na bado simpendi. Alikuwa na bahati yule. Ulikuwa unacheka naye."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. "Kilo zitarudi. Lakini ulinitamkia neno."

"Nililitamka, na nilikosea. Nisamehe."

"Kabati amepata dharura, na mashindano ni kesho. Gari lake halijapimwa. Panda."

Ilikuwa hukumu, na mhukumiwa aliielewa. Breki aliingia kwenye kiti cha Kabati, ndani ya manukato ya Kabati, akapakatishwa mifuko ya mchanga mpaka akalingana na Kabati. Fundi akalala chini ya gari, vikabaki kuonekana viatu tu, akaanza kumwongezea kasi mtu ambaye Breki alitaka kumshinda kuliko watu wote. Simu ikaita. Fundi akaiweka sauti ya nje.

"Fundi wangu kipenzi, tumefika wapi?" ilinguruma sauti ya Kabati.

Namba za mizani zikatetemeka. Breki aliuma meno.

"Tunaendelea vizuri," alisema Fundi. "Nimemweka Breki kwenye kiti chako."

Sauti ikanguruma tena. "Asikae sana. Mimi nina wivu."

Simu ilipokatika, Breki alikohoa. "Nataka kukuuliza jambo."

"Uliza, ila usitikisike."

"Utakubali nikuoe?"

Spana ilisimama. "Magari ya watu yatazidi kuja hapa, bwana wivu. Wanene kwa wembamba, na wanaonukia."

"Nitawafungulia geti."

"Na utakula?"

"Nitakula mpaka unikataze."

Spana ikaanza tena kuzunguka, polepole.

"Basi nimekubali," ilisema sauti kutoka chini ya gari. "Lakini usishuke, sijamaliza na Kabati."

Breki akabaki palepale, mchanga mapajani, bwana harusi mtarajiwa kwenye kiti cha mwanamume mwingine, na hakuthubutu hata kutabasamu kwa nguvu, namba zisije zikacheza.