Susu Iliyosafiri Tupu

Kiti cha nyuma cha gari kilikuwa kimebonyea upande wa kulia, na hakuna mtu aliyekikalia. Baljan aliliona hilo siku ya pili tangu wahamie Beineu, upande wa Kazakhstan, alipokwenda kutoa susu, kile kitanda kidogo cha mbao cha kubembelezea mtoto, iliyosafiri juu ya kiti hichohicho. Alipopapasa kitambaa alikikuta cha moto, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi. Akaibeba susu hadi chumba cha ndani, akaifunika blanketi.

Mwanamke aliyekwisha kuzika wachanga wawili, na wa tatu yuko tumboni na miezi yake minane, hujifunza kuumeza woga.

Gari lilikuwa la mumewe, Orazali, na bado lilikuwa na namba za Uzbekistan. Kule kwao Kungrad ndugu walimcheka: Kazakhstan magari yamejaa tele, hilo kopo unalikokota la nini? Akawajibu kwamba kopo hilo ndilo lililompeleka baba yake hospitali na ndilo lililomrudisha maiti, haliachi ng'o. Mpakani akapewa karatasi ya kuliingiza kwa muda. Ikifika tarehe kumi na tisa liwe limetoka nchini, la sivyo litakamatwa.

Kisha ndani ya gari ikaanza harufu ya udongo mbichi na nywele zilizoungua. Dirisha la nyuma likawa linashika ukungu kwa ndani hata jua likiwaka, na Baljan akilifuta linarudia, mpaka adhuhuri moja, akiwa uani anaanua nguo, upepo wa nyika umekatika na kuku wa jirani wamenyamaza wote kwa mpigo, akauona ule ukungu ukifutwa polepole, kutoka ndani, duara dogo la kuchungulia, na duara lenyewe lilikuwa usawa wa tumbo lake. Alipiga yowe.

Mama mkwe wake, bibi Ulbosin, akamleta Ziliha, mganga wa mtaa ule. Ziliha alichoma majani makavu ya adraspan, akalizunguka gari na moshi wake huku akikohoa, kisha akataka kujua Orazali alisema nini makaburini siku ya kuondoka. Jitu zima lile, mabega kama mlango, likainamisha kichwa. Alieleza kwamba dua ilisomwa, ile mikate saba ya kukaanga ya kuwaombea marehemu ikagawanywa, na uchungu wa kumwacha baba yake ukamzidi. Akafungua mlango wa nyuma wa gari akayaambia makaburi: anayetuhesabu kuwa wake, apande twende.

"Baba yako hukumtaja jina?" Ziliha aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sikumtaja."

"Basi umempakia asiye wenu. Huyu huchukua watoto kabla hawajalia. Mrudishe ulikompakia, kwa mdomo uleule uliomwita. Na kila kilichokaa naye kiti kimoja kirudi naye, msibakize hata kamba."

Tarehe kumi na tisa ilikuwa kesho yake. Alfajiri Orazali akapakia mikeka, mablanketi na kamba za masanduku vilivyosafiri kwenye kiti kile, akaondoka peke yake. Baljan alishinda akimwomba Mungu, mkono tumboni, na mtoto akarusha mateke kutwa nzima. Kila teke lilimpa raha.

Jioni simu ikalia. Bibi Ulbosin alikuwa uani anakaanga mikate ya shukrani.

"Nimemaliza, Baljan," Orazali alisema, sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Nimefungua mlango, nimemuaga. Nadhani hata hakungoja kuagwa. Tangu Ziliha alipofukiza, kiti hakijabonyea tena, na mpakani afisa aliingiza kichwa humo nyuma, hakusikia harufu yoyote."

Baljan alitaka kucheka. Lakini ndani ya harufu ya mafuta ya moto kulikuwa na harufu nyingine, ya nywele, na haikutoka uani, ilitoka nyuma yake, chumba cha ndani, ambako mbao zilikuwa zimeanza kulia kwii, kwii, taratibu kama anavyobembeleza mama mwenye subira, na alipogeuka akaliona blanketi limeanguka sakafuni na susu aliyoitoa garini kwa mikono yake mwenyewe ikienda na kurudi, godoro lake limebonyea katikati.

"Baljan?" simu iliita. "Unanisikia?"

Susu ikasimama. Baljan akabonyeza tumbo kwa vidole, akabonyeza tena kwa nguvu, akangoja. Mtoto hakurusha teke.