Mzaha Kuhusu Baba Yangu

"Usiniangalie hivyo, Heledd. Ni mzaha tu."

"Ni baba yangu, Gethin."

"Sijamtaja jina."

"Mji mzima wa Blaenau unajua nani alikaa mlangoni mwa kanisa na suti ya harusi. Unadhani watasubiri jina?"

Mume wangu alikuwa amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi kama maikrofoni. Mabli, binti yetu, alikuwa kwenye kiti chake, uji umempanda mpaka kwenye nyusi, anamcheka baba yake. Kila mtu humcheka Gethin Pugh. Ndiyo kazi yake, na wakati mwingine ndiyo mateso yangu.

Baba yangu, Idwal, alikuwa ameanza kusahau. Jumamosi moja ya mvua alivaa suti, akachomeka ua kifuani, akaenda kukaa mlangoni mwa kanisa kumsubiri mama yangu waoane. Mama tulishamzika zamani. Mimi nilifika pale nikashindwa hata kufungua mdomo. Nimwambie nini? Kila nikimwambia amekufa, anafiwa upya mbele ya macho yangu.

Gethin ndiye aliyekaa naye. Akamfunika kwa mwavuli, akamwambia, "Bado anavaa, mzee. Si unajua wanawake."

Baba akamjibu, "Mwambie asipofanya haraka namuoa dada yake."

Wakacheka wote wawili, kisha wakaja nyumbani kunywa chai. Siku ile nilimpenda mume wangu mpaka nikaogopa.

Na sasa alitaka kwenda kuyasema hayohayo Cardiff, mji mkuu wetu, mbele ya kamera.

"Televisheni wamenipa nafasi ya peke yangu," alisema. "Mimi, mke wangu. Baada ya yote niliyowafanyia."

Aliyowafanyia yalikuwa mengi. Shule ya uigizaji ilimfukuza kwa kumwigiza mkuu wa shule mbele ya mkuu wa shule. Kwenye tamthilia iliyompa jina, alichoka na maneno aliyoandikiwa, na siku ya kurusha moja kwa moja akamwambia mke wake wa kwenye tamthilia, "Naondoka, nahamia Patagonia." Patagonia ni upande wa pili wa dunia, na waandishi hawakuwa na njia ya kumrudisha. Watu walicheka mwaka mzima. Sisi tuliishi kwa mshahara wangu wa kuosha nywele za watu saluni.

"Mizaha unayo mingi," nilisema. "Uache huu mmoja tu."

"Prodyuza Mererid ameupenda huo. Anasema ndio moyo wa onyesho."

"Na mimi nasema usiuseme."

Akakunja uso. Nilijua nimeharibu.

Nilimpigia simu mama yake, Nerys, nikiwa nimejifungia bafuni.

"Umemkataza?" aliniuliza.

"Nimemkataza, mama."

"Ee, mwanangu. Huyo alipokuwa mdogo nilimkataza kupanda juu ya paa. Zimamoto wanamkumbuka mpaka leo. Ukimkataza ndio unamtuma."

"Sasa nifanye nini?"

"Nyamaza uombe. Mimi ndivyo nilivyomlea."

Basi nilinyamaza. Nilinyamaza wiki nzima, nikampigia pasi shati lake jeusi, tukasafiri hadi Cardiff na mtoto. Nilijifariji kwamba Cardiff ni mbali, baba haangalii televisheni, na huko ukumbini hakuna atakayetujua.

Tulipofika, simu yangu ikalia kwa ujumbe. Ulitoka kwa Tudur, kiongozi wa kwaya ya wanaume ya kwetu, kwaya ambayo baba ameimba besi tangu akiwa kijana wa machimboni.

"Heledd, tumekodi basi. Kwaya nzima tunakuja kumshangilia kijana wetu. Idwal amevaa koti lake jekundu la kwaya tangu alfajiri na anaimba njia nzima. Usimwambie Gethin, tunataka kumshtua."

Kwetu ndivyo tulivyo: mtoto wa kwetu akipata kidogo, basi linakodiwa. Sijui ilikuwaje nikafikiri tofauti.

Nikampigia Tudur. Hakupokea. Nikamwandikia, "Tafadhali mpeleke baba akanywe chai mahali." Akajibu, "Chai tumekunywa kwenye basi. Tumeshakaa, safu ya pili. Pazuri sana."

Nikakimbia hadi chumba cha kuvalia, Mabli akirukaruka mgongoni mwangu. Gethin alikuwa mbele ya kioo, anafunga vifungo.

"Gethin, baba yuko ukumbini. Kwaya nzima ipo."

Alinitazama kupitia kioo. Hakugeuka.

"Umewaleta."

"Sikuwaleta. Nimejua sasa hivi, soma mwenyewe."

"Umeshindwa kunifunga mdomo jikoni, ukaona uniletee wazee wa kwaya na makoti yao."

"Gethin, kwa nini nimfanyie baba yangu hivyo?"

"Ulivyonyamaza wiki nzima nilijua kuna kitu. Kumbe ndicho hiki."

Nilimnyooshea simu. Hakuishika. Mlango ukafunguliwa, Mererid akaingia, mwanamke mwembamba mwenye vifaa vya masikioni shingoni.

"Gethin, tayari? Ule wa mkwe uweke katikati, watu wakiwa wamepata moto."

"Ndipo utakapokuwa," alisema mume wangu, akanipita.

Nilisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia, mtoto kifuani. Kutoka pale nilimwona Gethin mgongo, na mbele yake safu ya makoti mekundu. Katikati yao alikuwa baba, amenyoa vizuri, mikono magotini. Tudur alinipungia mkono. Nami nikampungia, ningefanya nini?

Gethin alikuwa moto kweli. Alimsema waziri, akamsema mchungaji, akajisema mwenyewe. Wazee wa kwaya walikuwa wanajifuta machozi. Halafu akasogea mbele.

"Mkwe wangu," alianza.

Makoti mekundu yakatulia. Mmoja baada ya mwingine, wazee wakaacha kucheka. Waliuona mzaha unakuja. Ukumbi mwingine wote haukujua kitu, na ulicheka.

"Amevaa suti, ana ua hapa. Mvua inanyesha. Anamsubiri bibi harusi ambaye tulimzika zamani."

Tudur aliinamisha kichwa. Nilitaka kufumba macho, lakini sikuweza kuacha kumtazama baba.

Baba alikuwa anacheka.

Alicheka kwa sauti ile ya besi, kichwa nyuma, kama anasikia habari za mtu wa mji mwingine. Hakuwa anajifanya. Namjua baba yangu akijifanya.

"Nikamwambia, bado anavaa, mzee. Akasema, mwambie asipofanya haraka namuoa dada yake." Gethin akangoja kicheko kipite, kama anavyojua yeye. "Sasa dada mtu ana miaka themanini na—"

"Masikini," sauti ya baba ikapanda juu ya ukumbi wote. "Masikini mzee huyo. Hana watu wa kukaa naye?"

Gethin alimalizia mstari wake, midomo niliiona ikitembea, lakini hakuna aliyeusikia. Watu walikuwa wanamgeukia baba. Mume wangu akaruka hadi mzaha mwingine. Sauti yake ilikuwa ileile, ila hakutazama tena safu ya pili.

Alipotoka jukwaani alikuja moja kwa moja kwangu.

"Hakujijua," alisema.

"Hakujijua."

"Heledd, alimwonea huruma mzee wa kwenye mzaha. Mimi nilikuwa naye pale mlangoni, na hakunikumbuka hata mimi."

Hasira ilikuwa imeniisha. Nilimsogezea Mabli amshike, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Mererid akaja mbio. "Umeua, Gethin. Tatizo moja tu. Yule babu ameziba mstari wa mwisho wa mzaha wa mkwe. Rudi jukwaani useme huo mstari mmoja, watu bado wamekaa, tutaunganisha."

Hivyo ndivyo wanavyofanya kazi. Neno likiharibika, mchekeshaji hurudishwa alirudie, na wanaotazama nyumbani hawajui.

"Utoe wote," Gethin alisema.

"Siutoi. Ndio tuliowauzia wakubwa."

"Na bila mwisho?"

"Bila mwisho hauna maana, ndiyo maana nakuomba uende. Mstari mmoja. Usinifanyie vituko, nimekupigania sana."

Gethin alinitazama. Kwa mazoea yangu yote ya ndoa ningesema kitu. Sikusema fanya, sikusema usifanye. Nilichoka kumwelekeza mtu ambaye kila kidole kinachomwonyesha njia anakigeuzia mgongo.

Akanirudishia mtoto, akarudi jukwaani.

Watu walipiga makofi. Alisimama mbele ya maikrofoni, akamtazama baba yangu.

"Nimesahau," alisema.

Ukumbi ukacheka. Mererid, pembeni yangu, akamnong'oneza kwa nguvu, "Sasa dada mtu ana miaka themanini na mbili, na amekubali."

"Nimesahau," Gethin alirudia. Hapakuwa na mchezo usoni kwake. Kicheko kikapungua, kikaisha. Taa zilikuwa zinamwakia usoni na hakuwa na pa kujificha.

Safu ya pili, baba akasimama taratibu, Tudur amemshika kiwiko.

"Usijali, kijana," alimwambia. "Hata mimi hunitokea. Kaa chini kidogo, itakuja."

Gethin akakaa. Palepale, pembeni mwa jukwaa, miguu ikining'inia mbele ya makoti mekundu, akainamisha kichwa. Baba akasogea akamwekea mkono begani, kama mtu anayemfariji mgeni.

Mererid alivua vifaa vyake vya masikioni. "Ndiyo basi," alisema, bila hata kugombeza. "Wakubwa hawatamwita tena. Unajua hilo, dada?"

"Najua."

"Pole."

Nilijua, na ilinitisha. Nilifikiria saluni na kodi ya nyumba, na mwanaume ambaye hakuna atakayempa jukwaa tena. Nilikuwa sina la kufanya. Lakini nilimtazama pale alipokaa, na mzaha ule ulikuwa umekufa, na aliyeuua ni yeye.

Tulirudi na basi la kwaya. Jua lilikuwa bado kwenye vilima. Hakuna aliyemsema Gethin, ila Tudur alimpa kipande cha mkate wa zabibu bila kumtazama usoni. Gethin alisimama kwenye njia kati ya viti, kama hajui kama anaruhusiwa kukaa.

Baba, aliyekaa nyuma yangu, akamvuta koti.

"Kijana, una mke?"

"Ninaye, mzee. Ni huyo hapo."

"Mbona kakaa peke yake?"

"Nimemuudhi."

Baba alifikiri. "Sana?"

"Sana."

"Basi kwangu hapa huwezi kukaa," baba alisema, akasukuma mfuko wake kwenye kiti kitupu. "Nenda kwake."

Gethin akanigeukia. Hakutoa kichekesho chochote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliomba.

"Heledd, naomba nikae."

Nilimpakata Mabli upande mmoja, nikamwachia nafasi.