Transfoma ya Kinu cha Ubaruku

Saa 2:10 asubuhi. Rujewa, stoo ya pumba nyuma ya duka la Muhidini.

Liberatus alichora transfoma kwa mkaa juu ya gunia. Alikuwa fundi wa laini kabla hajafukuzwa kazi. Sasa wanawe wanakula mara moja kwa siku.

"Juu inaingia volti elfu thelathini na tatu. Waya mwembamba, mizunguko mingi. Chini waya mnene, mizunguko michache. Inatoka mia nne, inazungusha kinu cha Ubaruku. Mafuta yanaipooza. Tunayachota, tunang'oa na shaba."

"Na ukiingiza mia nne kwa chini?" akauliza Vitus, mchomeleaji, baba wa watoto wawili, mdogo wa Rozalia, mke wa Liberatus.

"Inapanda elfu thelathini na tatu. Transfoma haichagui njia. Hapo unakuwa mkaa, shemeji. Jenereta la kinu lisiwake. Swichi yao ya kubadilishia, inayotenga jenereta na transfoma, iliungua, wanaunga waya moja kwa moja."

"Opereta wa jenereta nimemaliza naye," Muhidini akasema huku anachokonoa meno. "Umeme unakatwa saa tatu, unarudi jioni. Mnaogopa nini? Wanaume nyie!"

Liberatus alikuwa amemwapia Rozalia kwamba Vitus atarudi mzima. 

Saa 3:25. Ubaruku, nje ya kinu.

Sare za kuazima, kofia za njano, ngazi. Mchana kweupe, nani amuulize fundi? Mama mmoja hata akawapa pole na kazi.

"Tufunge waya wa ardhini kwanza, umeme ukija uzame huko," Liberatus alisema.

"Dakika kumi hizo! Pandeni!" Muhidini akafoka kutoka kwenye pikapu.

Vitus akapanda, spana mkononi. Liberatus akabaki chini, mafuta yakitiririka kwenye dumu.

Saa 3:50.

Msimu wa mavuno, wakulima wamefurika kinuni, mpunga ungoje umeme mpaka jioni? Thubutu! Ndani, jenereta likakohoa. Likawaka.

"Si ulisema umemaliza naye?" Liberatus akamuuliza Muhidini.

"Angetaka mgawo wa pesa. Sikumwambia." Muhidini akaingiza gia. Pikapu ikatokomea kwenye vumbi.

Jenereta huachwa lipate moto kwanza ndipo libebeshwe kinu. Dakika mbili, zikizidi tatu.

"Vitus! Shuka!" Ngurumo ya jenereta ikaimeza sauti ya Liberatus. Barabara ilikuwa wazi, angeweza kukimbia zake. Akakimbilia ndani. Aliwapiga watu vikumbo, akateleza kwenye pumba, akaudaka mkono wa opereta ukiwa tayari kwenye swichi.

"Zima! Kuna mtu juu ya transfoma!"

Opereta, Eliezeri, akazima. Akamtazama sare. "Mtu gani? Mafundi wa umeme wapo Rujewa, nimeongea nao sasa hivi kwa simu."

Ole wake! Walipotoka nje, mafuta yalikuwa yametapakaa, Vitus anamalizia kushuka ngazi. Mawe yakaokotwa.

"Huyu hana kosa!" Liberatus akapaza sauti. "Kibarua tu, nimemwokota stendi asubuhi. Nilimdanganya ni kazi halali. Hata jina lake silijui."

Eliezeri akamgeukia Vitus. "Unamjua huyu?"

Vitus akajibu, "Simjui."

"Basi mfunge."

Kamba ya magunia ikatupwa. Vitus akamfunga, machozi yanamdondoka. Fundo likalegea.

"Kaza," Liberatus akamnong'oneza. "Wanakuangalia, kaza."