Sanduku Kati ya Mke na Mume

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, mshonaji alitoka nje na furushi la sare za shule na kumkuta mumewe ameshawasha pikipiki, anapangusa siti kwa kiganja. Furushi lilifungwa nyuma kwa mipira, mshonaji akapanda, wakashika njia ya mjini. Upepo wa barabara kuu hula maneno, kwa hiyo tangu enzi za uchumba wawili hao walikuwa na lugha yao. Mke akimgonga mume mgongoni mara moja, maana yake punguza mwendo. Mara mbili, simama. Akimpapasa taratibu, mambo shwari, twende. Wenye ndoa zenu mtanielewa: wako watu wanaolala kitanda kimoja na hawana hata hiyo.

Ugonjwa ulianzia kituo cha bodaboda, kwa madereva wenzake mume. Pale siku hizi mtu hapimwi kwa uendeshaji wake, anapimwa kwa muziki wake. Mume alikuwa na kispika kimoja kwenye usukani. Pikipiki ikisimama, kiliimba vizuri. Ikifika barabara kuu, upepo ulibeba wimbo wote ukamwachia mlio wa nyuki. Wenzake wakamcheka, naye akakosa raha. Anakula anawaza spika, anaoga anawaza spika.

Fundi redio akamweleza kosa lilipo. Spika ya mbele inaupigia upepo muziki. Afunge mbili kubwa pamoja na amplifaya kwenye sanduku nyuma ya mgongo wake, zielekee kisogoni, na mwili wake mwenyewe utakinga upepo. Fundi alijua kazi yake, simlaumu. Ila hakuna aliyeuliza abiria ataweka wapi mkono. Sanduku likakazwa kwa nati katikati ya siti, na kwa kuwa kona zake zilimchoma dereva mgongoni, akamwomba mkewe amshonee mto wa kulifunika.

Mshonaji akachagua sponji nene na kitambaa cheusi kizuri, akapitisha mshono mara mbili ili usichanike. Aliufurahia. Madereva wakausifu, wakampachika mumewe jina la Spika, na jina likamkaa.

Safari ya kwanza tu, mshonaji alinyoosha mkono kumgonga mumewe, ukaangukia kwenye sponji. Jioni akamwambia, "Mume wangu, sikufikii tena." Spika akacheka, akamwambia apige kelele, mdomo si anao. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, akaongeza kwamba hajawahi kuona mwanamke anayeonea sanduku wivu. Mshonaji akanyamaza ili yaishe.

Hayakuisha. Shule zilipokaribia kufunguliwa furushi lilikuwa kubwa, na katikati ya barabara kuu mpira mmoja ukakatika. Mshonaji alihisi mzigo unalegea, akageuka, akaona mpira unaning'inia karibu na gurudumu. Akagonga mara mbili. Sponji ikabonyea. Akapiga kelele, wimbo ukazimeza. Akautwanga ule mto kwa ngumi zote mbili. Mumewe akatikisa kichwa kwa furaha, akaongeza sauti. Baadaye alikiri kwamba zile ngumi alizihisi. Alidhani ni besi.

Gurudumu likaumeza mpira, likavuta gauni moja, likavuta la pili, likakwama. Pikipiki ikayumba na kuwamwaga kando ya barabara, na lori lililokuwa nyuma likawapita kwa upana wa mtu mmoja. Mume aliinuka na mikwaruzo. Mke aliinuka na mkono wa kulia umepinda mahali usipopinda mkono. Na sanduku, niaminini, liliendelea kuimba.

Mkono ukafungwa plasta, cherehani ikafunikwa shuka. Mngedhani mambo yangeishia hapo. Wapi! Spika alitengeneza pikipiki yake na kulirudisha sanduku palepale, na mto wake juu. Alisema kosa lilikuwa la mpira, na ameshanunua mpya. Siku ya kwenda kliniki akaisogeza pikipiki mlangoni, muziki juu.

"Sipandi," mkewe akasema.

Mama mkwe akatoka ndani. "Mwanangu, pikipiki ni ya mumeo. Anaiendesha anavyotaka."

"Kweli mama, pikipiki ni yake. Na mkono ni wangu."

Akaenda kituoni kwa miguu na kupanda pikipiki ya mzee mmoja asiye na hata redio. Spika aliwafuata ubavuni njia nzima, akimsihi ashuke asimwaibishe. Hakugeuza shingo. Maneno yakaenea kwamba mke wa Spika anapanda pikipiki za watu. Ndugu wakaja kumtuliza, wifi zake wakaja kumsema, na wote aliwapa jibu lilelile: atapanda siku atakapoupata mgongo anaoufikia.

Plasta ilipotolewa, vidole viwili vilikataa kukunjika. Alijaribu kushika sindano, ikamdondoka. Alilia kidogo, kisha akachukua wembe wake wa kufumulia na kwenda moja kwa moja kituoni. Madereva walidhani anakuja kuchana matairi. Yeye alikaa upande kwenye siti ya pikipiki ya mumewe, muziki ukimpigia sikioni, akaanza kuufumua ule mto kwa mkono wa kushoto, mshono baada ya mshono.

"Nilishona mimi, nafumua mimi," alimwambia mumewe mbele ya wote. "Kitambaa changu, uzi wangu. Sanduku ni lako. Ukiugua, likuuguze."

Walicheka, kisha wakaviona vile vidole vilivyosimama, wakaacha. Spika naye aliviona, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliviangalia kweli. Akazima muziki. Hakuomba radhi pale, ushujaa huo hana. Lakini aliazima spana na kulegeza nati kwa mikono yake mwenyewe.

Sanduku sasa liko sebuleni, na anayelisikiliza zaidi ni mama mkwe. Kesho yake baada ya kulifungua, Spika alileta pikipiki mlangoni. Mkewe akapanda bila haraka, na kabla hawajaondoka akamgonga mara mbili. Mume akazima injini.

"Nimekusikia," akasema.

"Ngoja nihakikishe," akajibu mke, akagonga tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Tangu hapo, kila safari, mume huvihisi mgongoni vile vidole viwili visivyokunjika.

FUNZO

Muziki si kosa, na simwambii mtu auze spika zake. Nasema hivi: kabla hujaongeza sauti ya kitu unachokipenda, angalia kwanza unamziba nani. Na wewe unayebebwa, usinyamaze kwa kuogopa kuitwa mwenye wivu. Sema. Usiposikilizwa, shuka, hata kama mtaa mzima utakucheka. Atakayenikasirikia na anikasirikie. Mshonaji yule mpaka leo anatungiwa uzi na mumewe.