Duara la Mawe Kando ya Ziwa

Msimu wa uchimbaji, nyumba ya shangazi ilikuwa haina pa kuweka mguu. Wachimbaji walilala hadi sebuleni, foleni ya bafuni ilianza kabla ya jua, na umbea wa jana ulimaliziwa kwenye chai ya leo. Kibibi alikuja likizo, nyumba hiyo ikamnogea. Jina alipewa na wachimbaji, kwa jinsi alivyopenda kufagia na kukaripia watu kama bibi mzima, na miaka yenyewe kumi na mmoja tu.

Shangazi alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale. Walichimba kando ya ziwa la kina kifupi, ambamo ndege walitembea kwa miguu hadi katikati. Hapo zamani wawindaji walipiga kambi, wakaacha mawe makubwa kwa madogo, mengine wameyachonga kuwa visu. Kibibi alichekecha udongo, na jioni alifunika shimo kwa turubai.

Asubuhi hiyo hakugusa mkate.

"Leo hajamkaripia mtu," alisema mchoraji, kijana aliyechora mahali pa kila jiwe kabla halijainuliwa. "Mpimeni homa."

Watu walicheka. Kibibi aliinamia kikombe.

Walipofika shimoni, shangazi alifunua turubai, akabaki ameduwaa. Mawe yalikaa duara, safi kabisa.

"Jamani, njooni. Hili ni jiko. Walikaa hapa wakaota moto. Jana sikuliona vipi?"

"Jana mvua ilitukimbiza, mkuu," alisema mchoraji. "Hata penseli sikuitoa."

"Basi chora upesi. Wageni wa makumbusho wako njiani. Ukimaliza tukwangue sakafu, waone vizuri."

Duara lile alilipanga Kibibi. Jana wenzake walipokimbiza vifaa, alibaki kufunika shimo, akaona mawe yametupwatupwa na yamejaa tope. Wageni wanakuja, nao wakute vurugu ile? Akayang'oa, akayafuta kwa upindo wa gauni, akayapanga vizuri kama viti vya sebuleni. Akisema sasa, atarudishwa kwao. Asiposema, shangazi atawatangazia watu jiko lisilokuwepo.

Mchimbaji mmoja alikwisha kushika mwiko wa chuma, tayari kukwangua udongo.

"Shangazi, mzuie," alisema Kibibi. "Hilo jiko nimelitengeneza mimi."

Mwiko ulisimama hewani. Kibibi alieleza yote huku kamasi zikimtoka. Shangazi aliketi ukingoni mwa shimo, miguu ikining'inia.

"Ulitaka tusiaibike mbele za wageni?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na ilibaki kidogo tuaibike kwelikweli. Njoo hapa, mwanangu. Tazama tope."

Kibibi aliinama. Sakafuni mlikuwa na vishimo, kila kimoja na umbo lake, kama fizi iliyong'olewa meno.

"Kila jiwe lina kitanda chake," alisema shangazi. "Tungekwangua, vitanda vingepotea. Haya, yarudishe."

Kibibi alijaribu jiwe moja moja hadi likakaa bila kucheza. La mwisho lilipoingia, mchoraji alipiga mluzi. Mawe yote marefu yalikuwa yamelala kuelekea upande mmoja.

"Nani aliyalaza hivyo?" Kibibi aliuliza.

"Ziwa," alisema shangazi. "Ziwa la kina kifupi likipata mvua nyingi, maji hutambaa mbali. Zamani hizo yalipita juu ya kambi, yakabeba vipande vyepesi, yakayageuza mawe mazito kufuata mkondo, kisha yakayafunika kwa tope. Kwa hiyo hapa hatuwezi kusema mwindaji alikaa wapi. Tunachoweza kusema ni kwamba ziwa lilipita."

"Kumbe nalo lilivuruga kama mimi?"

"Tena kukushinda," alidakia mchoraji. "Ila lenyewe halikufuta kwa gauni."

Kibibi alicheka na machozi bado shavuni. Wageni walipofika, shangazi hakuwaonyesha jiko. Aliwaonyesha njia ya maji, nao wakapiga magoti kutazama.

Walipoondoka, Kibibi aliuliza kwa sauti ndogo, "Nifungashe nguo zangu?"

"Ya nini? Nani atachekecha kesho?" Shangazi alimfuta uso kwa kiganja. "Lakini sikiliza. Ziwa halina mdomo, ndiyo maana tunahangaika kusoma alama zake. Wewe unao. Ukikosea, sema mapema, wakati vitanda vya mawe bado vipo."