Biubwa na Mguu wa Babu Pazi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Biubwa alimwandalia babu yake chai. Alichemsha maji na mchaichai, akamimina kikombeni, kisha akaanza kuhubiri. Alikuwa darasa la sita katika shule moja ya pale Kisarawe, tena kiranja wa afya, na cheo hicho alirudi nacho mpaka nyumbani.

"Shikamoo, babu. Chai haina sukari, nimeificha. Na leo usithubutu kutembea pekupeku!"

"Marahaba," alijibu Mzee Pazi, akakisukuma kikombe pembeni. Mjukuu alipoteremka mlima na begi lake, mzee alichukua fimbo, akachechemea hadi kwa Bi Anifa muuza chapati, akanywa chai tamu ya kumkomoa.

Mzee Pazi alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Kidonda cha unyayoni kilianza kama mkwaruzo, sasa kilikuwa kimechimba na kutoa harufu. Muuguzi alimwambia mama yake Biubwa waziwazi kwamba kisipotibiwa haraka, mguu unaweza kupotea. Lakini kila kliniki ilipotajwa, mzee alipata shughuli shambani.

Siku ya Ijumaa Biubwa aliharibu zaidi. Wazee walikuwa wametoka msikitini, wamekaa barazani wakinywa kahawa na kutaniana. Biubwa alipita, akamwona babu yake na kipande cha kashata. Alisimama katikati yao, mkono kiunoni.

"Babu! Mguu unaoza na bado unakula sukari?"

"Haya Pazi," mzee mmoja akadakia, "mwalimu amefika, nyoosha mkono!"

Baraza zima likaangua kicheko. Mzee Pazi hakucheka. Jioni ile alitangaza kwamba kliniki hataki kuisikia tena, na asiyependa kumwona akila kashata afumbe macho. Biubwa alilia, ila alilia kwa hasira. Kwani alikuwa amesema uongo?

Mama aliona maji yamezidi unga, akaenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada. Siku chache baadaye alifika Bi Adventina, afisa ambaye kazi yake ni kusaidia familia zenye matatizo. Biubwa alifurahi sana. Leo babu atakiona! Akakaa mkekani karibu na mlango ili asipitwe na neno.

"Shikamoo, mzee," alisema Bi Adventina. "Nimekuja kwa habari ya mguu wako. Uko tayari tuuzungumzie, au nije siku nyingine?"

Mzee Pazi alimtazama kwa mshangao. Tangu augue, hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

"Tuzungumze tu, mwanangu."

"Kidonda hiki kinakuzuia nini unachokipenda?"

Mzee akautazama mguu wake. Biubwa alikuwa na majibu tele ulimini, lakini Bi Adventina alimwashiria kwa mkono asubiri.

"Mdundiko," mzee akasema hatimaye. "Desemba mjukuu wangu Zuwena anamaliza unyago, anatolewa mwali. Mdundiko haupigwi umekaa, mwanangu. Unapiga ngoma huku unatembea, mtaa kwa mtaa. Mabinti wote wa ukoo huu nimewatembeza mimi. Huyu nimtazame nikiwa kwenye kiti?"

"Kumbe unataka kumtoa Zuwena kwa miguu yako mwenyewe."

"Hasa!"

"Na kliniki unaionaje?"

"Rafiki yangu Shomari alikwenda na kidonda kama hiki. Alirudi na mguu mmoja." Sauti yake ikapungua. "Naogopa."

Biubwa alishtuka. Babu yake, aliyewahi kumfukuza chatu bandani, anaogopa? Siku zote alidhani mzee ni mkaidi tu. Aliona aibu, na aibu ile ilimchoma kweli.

Bi Adventina hakumwambia mzee asiogope. "Mguu unauhitaji kwa ngoma," alisema, "na unahofia kwamba ukienda kliniki utaukosa. Ukiniruhusu, nitakueleza ninachokijua."

"Eleza."

"Wengi wanaokatwa mguu huwa wamechelewa. Kidonda kikiwahiwa, mara nyingi hupona. Sasa nikuulize, kuanzia moja hadi kumi, utayari wako wa kwenda kliniki ni ngapi?"

"Labda nne."

Nne! Biubwa nusura aruke. Lakini Bi Adventina alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Kwa nini nne, mzee, isiwe moja?"

Mzee Pazi akacheka. "Kwa sababu mguu ni wangu na bado nautaka! Na kwa chapati za Anifa hautapona." Akashangaa maneno yake mwenyewe. "Basi Jumanne nitakwenda."

"Ungependa nani akusindikize?"

Mzee akageukia mlangoni. "Huyo mwenye mdomo. Ila asinitangaze mbele za watu."

Biubwa alipiga magoti mbele yake. "Nisamehe, babu. Nilikuaibisha."

"Yameisha, mjukuu wangu."

Jumanne Biubwa aliomba ruhusa shuleni wakaenda. Kidonda kilisafishwa, mzee akapewa dawa na viatu vya kumkinga, akaambiwa mguu utapona akifuata masharti. Aliyafuata. Chai isiyo na sukari aliizoea kwa manung'uniko mengi, na kidonda kikafunga taratibu.

Desemba ilipofika, mdundiko ulitikisa Kisarawe, na aliyetangulia na ngoma begani alikuwa Mzee Pazi, viatu miguuni. Bi Adventina alialikwa. Biubwa alimsogelea.

"Anti, mbona mimi nilimwambia babu aende kliniki, akakataa?"

"Uliyosema yalikuwa kweli," alijibu Bi Adventina. "Lakini uliingia moyoni mwake bila kupiga hodi. Kila mtu ana sababu zake ndani. Muulize kwa heshima, msikilize, atazitoa mwenyewe. Na uamuzi alioutoa mwenyewe ndio atakaoushika."

Wakati huo babu alirudi akihema, jasho linamtiririka. Biubwa alifungua mdomo amwamrishe kupumzika. Akaufunga. Akaanza upya.

"Babu, mguu unasemaje?"

Mzee Pazi alimkabidhi ngoma, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Unaomba kiti, mjukuu wangu. Tena umefanya vizuri kuuuliza."