Video ya Bombani

Kila jioni baada ya shule, Munezero na dada yake mkubwa, Élyse, walipeleka madumu yao bombani. Pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, foleni ya maji hupangwa na madumu. Wenyewe hukaa pembeni wakipiga soga.

Mwaka uliopita Élyse alipasuliwa kichwa ili kuondoa kifafa. Miezi minane ikapita salama. Sasa alikuwa akianguka tena, na Munezero hakuamini hata kidogo. Zamani Élyse alikakamaa macho wazi, dakika mbili hivi, kisha akalala fofofo. Siku hizi alifumba macho na kutikisa kichwa huku na huku robo saa nzima. Tena bombani tu! Mbele ya sahani ya maandazi hakuanguka kamwe.

"Yaya anakwepa kubeba maji," Munezero alimnong'oneza rafiki yake Bella. Yaya ndivyo alivyomwita dada yake.

"Mukamate basi," Bella alicheka. "Mwizi wa kuku hushikwa na manyoya mukononi."

Alhamisi Munezero akaficha simu ya mama ndani ya kitenge, na bombani akaitoa akaanza kurekodi. Jirani yao, Mama Léoncie, alipofika bombani alilivuta dumu lake mbali na la Élyse. Punde Élyse akaanguka. Munezero hakumsogelea. Aliendelea kurekodi.

"Amka, Yaya! Leo nimekukamata!" alisema, na Bella akaangua kicheko.

Jumatatu mama aliwapeleka wote wawili kwa daktari, mjini Mbarara. Élyse alivishwa nyaya kichwani ili kupimwa ubongo, na akaanguka palepale kwenye kipimo. Alipotulia, Munezero alitoa simu.

"Daktari, huyu anatudanganya. Ushahidi ninao."

Mama alimkazia macho. Daktari Kabera aliitazama video mara mbili.

"Huyu mama wa kwenye video mbona anavuta dumu lake?"

"Anaogopa," Munezero alijibu. "Kabla ya upasuaji Yaya aliangukia pale, mate yakamtoka. Watu wakamwaga maji yao, wakisema kifafa kinaambukiza."

Élyse aliinamisha kichwa. "Alhamisi nilikusikia, Munezero. Nilikusikia ukiniita, na Bella akicheka. Nilitaka kuamka. Mwili ulikataa."

Munezero alimgeukia daktari.

"Hadanganyi," daktari alisema. "Kifafa ni umeme wa ubongo kuvurugika. Leo alipoanguka, nyaya hazikuonyesha kifafa. Huku ni kuanguka kwa aina nyingine. Huwapata baadhi ya watu hata baada ya upasuaji. Kwa Élyse, nadhani hofu ya pale bombani inauangusha mwili bila yeye kupenda. Tutamtibu kwa mazungumzo na mshauri, na mazoezi ya kutuliza mwili. Dawa zake asiache mpaka nimwambie. Na kifafa hakiambukizi! Video hii imenisaidia sana."

Nje, Munezero alimshika dada yake mkono. "Yaya, unisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia Bella na wengine unajifanya."

"Basi wewe ndiye utakayewaambia ukweli," mama alisema.

Akawaambia, akianza na Bella. Wiki zikapita, Élyse akienda kwa mshauri, na kuanguka kukapungua. Jioni moja Munezero aliligusanisha dumu lake na la dada yake. Mama Léoncie akasita, kisha akalisukuma la kwake likagusana nayo. Élyse alivuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa. Akabaki amesimama.

Mama aliposimuliwa alitabasamu. "Jicho lako ni kali, mwanangu, liliona kila kitu. Lakini ulihukumu kabla ya kuuliza. Ukiona usichokielewa, uliza kwanza, tena uulize kwa upendo."